Vipimo vya Jiko la Castello

Mestre, 9 Januari

Dada yangu Ausilia,

Usishtuke, ni mimi. Kaa kwanza. Nakusalimu wewe, nayasalimu magoti yako, na paka pia kama bado yupo. Mimi ni mzima: meno kumi na tisa yangu mwenyewe, moyo wa farasi, na daktari anasema presha yangu wangetamani kuwa nayo vijana. Sijui hali yako huko Ubelgiji, na kutojua ni kosa langu. Miaka kumi na miwili si mchezo. Yale niliyoyasema siku ya mazishi ya mama, kwamba aliyeondoka Venisi hana tena kiti jikoni kwetu, niliyasema nikiwa na glasi nne kichwani. Kwa ya tano ningekuomba radhi, lakini ukawahi treni.

Umeona nimeandika Mestre hapo juu. Ndiyo. Cheka umalize, nakusubiri.

Umemaliza? Yule bibi mwenye nyumba alikufa, na wajukuu zake wakaniletea barua yenye muhuri: mkataba umekwisha, asante kwa kukaa nasi. Kukaa nasi! Nilizaliwa humo kabla baba yao hajaota ndevu. Novemba ya mwaka juzi nilishusha makabati kwenye boti yangu mwenyewe ya mizigo, mimi niliyehamisha nusu ya mtaa wetu wa Castello na kuwazomea wote mpaka darajani. Sasa nakaa bara kama wao, ghorofa ya tatu, mahali ambapo maji hutoka bombani tu. Nyumba yetu wanakodishiwa watalii, siku mbili hawa, siku tatu wale.

Lakini hilo nimeshalimeza. Shida ni Orsola. Unamkumbuka binti yangu, niliyemlea peke yangu tangu mama yake afariki? Sasa ni msanifu majengo Rotterdam, na si wa mabanda ya kuku. Yeye na wenzake wawili wamechaguliwa kuonyesha kazi yao kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Usanifu, hapa hapa Arsenale, kwenye karakana za kale za meli, dunia nzima itapita. Na unajua watajenga nini? Jiko letu. Jiko la Castello, kwa ukubwa wake halisi, kwa mbao tupu, watu waingie na kutoka. Ameniandikia: "Baba, chukua tepu upime kuta, dirisha na boriti. Ni kazi ya dakika kumi, na wewe si umo humo humo ndani."

Simo, na yeye hajui. Siku alipoondoka nilimwambia pale stesheni: "Nenda kajenge. Mimi nitakaa mlangoni mpaka nife, uwe na pa kurudi." Mtu akishatamka maneno makubwa kiasi hicho, atayatafunaje? Barua zake bado zinakwenda Castello. Nives wa posta anajua kila kitu, huniachia kwenye baa ya Oreste, nami kila siku napanda basi, halafu boti, nakwenda kuzifuata kama mtu anayerudi kwake.

Nisaidie basi. Wewe ulikulia humo. Jiko lilikuwa na upana gani? Mimi nasema pima tatu za mtu mzima aliyenyoosha mikono. Nijibu upesi, kwa Oreste.

Mdogo wako,
Momi


Charleroi, 23 Januari

Mdogo wangu Momi,

Salamu zako zimefika, na magoti yamezipokea yakiwa yamekaa, maana kusimama hayataki tena. Paka alikufa. Bernard naye alikufa, huu mwaka wa nne. Nilikuandikia, hukujibu. Watoto hunipigia simu kila Jumapili, saa tano mpaka saa tano na robo. Mengine ni mvua.

Nilicheka, kwa kuwa umeniruhusu. Kisha nikaona nacheka peke yangu jikoni, nikaacha.

Nyani haoni kundule. Miaka yote mimi mtoro, wale wa ghorofa ya juu watoro, muuza mkate mtoro, hata padri alipohamishwa ulimwita mtoro. Sasa mtoro nani? Haya, nimesema, sirudii. Labda Krismasi.

Pima tatu? Ulikuwa mdogo wewe, ulishinda chini ya meza, na mtu aliye chini ya meza huona hata kabati kama kanisa kuu. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nikisimama katikati, mkono mmoja nagusa sinki, mwingine nagusa meza, na mama akinifokea nipishe. Sema pima mbili, na shubiri moja ya kufidia majivuno yako. Dirisha lilitazama uani. Nakujua, utamwambia lilitazama mfereji. Lilitazama uani na kamba ya nguo ya akina Busetto. Chini ya boriti baba alipita na kofia yake, na kati ya kofia na boriti mkono wangu ulipenya ukiwa bapa.

Lakini mimi si tepu ya kupimia. Mwandikie mtoto ukweli. Ni sentensi moja tu: "Sina tena ile nyumba." Umeandika ndefu kuliko hiyo kuhusu meno yako.

Dada yako,
Ausilia


Mestre, 12 Februari

Dada yangu Ausilia,

Pole sana kwa Bernard. Alikuwa mtu mzuri, ingawa mvinyo aliuwekea barafu. Ile barua yako ya msiba niliipata. Niliisoma mara tatu, kila mara nikatafuta kalamu, na kila mara kalamu ikapotea. Nisamehe. Mimi hali yangu ni njema, ila nina nundu kichwani, na hiyo nundu ndiyo habari yenyewe.

Nimeingia ndani, dada. Nimeingia jikoni kwetu, tena nikafunguliwa mlango kwa heshima.

Nilivaa kofia yangu ya kazi, nikasimama kwenye gati tangu asubuhi. Ikaja boti, wakashuka Wadenmaki wawili, mume na mke, na masanduku ya kujengea mji. Mke akaninyooshea simu: "Hapa, wapi?" Natazama, ni namba ya mlango wetu. Mimi nazungumza lugha saba, kila moja maneno kumi, kwa hiyo nikamwambia: "Mbeba mizigo. Huduma ya nyumba. Karibuni." Nikabeba yote matatu, miaka sabini na mbili hii, mume nyuma yangu anahema.

"Unaijua nyumba?" akaniuliza mke.

"Kidogo," nikasema.

Ausilia, wamepaka rangi nyeupe kila mahali. Ule mstari wa mafuriko ya sitini na sita, ambao mama hakutaka uguswe, umefunikwa. Sinki ya jiwe haipo. Ukutani wametundika picha ya gondola, kana kwamba mtu anaweza kusahau. Nikaingia kifua mbele kama ninavyoingia siku zote, na paa! Boriti ikanipiga katikati ya paji la uso.

"Mzee, uko salama?" mume akauliza.

"Mimi salama. Nyumba ndiyo si salama."

Wameinua sakafu. Shubiri mbili kamili, kuogopa maji kupanda. Ndani ya nyumba niliyozaliwa lazima sasa niiname kama ninayeingia kwa hakimu.

Tepu nilikuwa nayo mfukoni, lakini nitaitoaje mbele ya watu? Nikajifanya nimechoka. Nikaegemea ukuta, mikono nimeinyoosha pande zote mbili, shavu kwenye rangi yao. Pima moja. Nikasogea, nikaegemea tena. "Kazi ngumu hii," nikawaambia. Pima mbili. Nikabaki na nafasi ya shubiri moja. Shubiri moja, Ausilia! Ulisema kweli, mchawi wewe. Dirisha nalo linatazama uani. Mke akanionea huruma, akanipa chokoleti na kiti. Ndiyo, nilikaribishwa kiti.

Nilipofika huku nikalala sakafuni, nikaupima mwili wangu kwa tepu, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, nikafanya hesabu. Ile sakafu waliyoiinua nikaitoa kwenye hesabu, nikampa Orsola jiko la zamani, kama lilivyokuwa. Amejibu kwa furaha mpaka mwandiko umepinda. Anasema vipimo vyangu vimetulia kuliko vya mafundi wenye mashine. Nilijua.

Sasa sikiliza mwisho wake. Anakuja mwanzoni mwa Mei kusimamisha kazi yake. "Usinitafutie hoteli, baba. Nitalala chumbani kwangu. Bado kipo?" Nikamwandikia: kipo, karibu sana.

Sikudanganya. Chumba kipo. Nimekiona kwa macho.

Mdogo wako,
Momi


Charleroi, 27 Februari

Momi,

Natumaini nundu imeshuka. Mimi mzima, nimeongezwa vidonge viwili.

Barua yako ilinichekesha mpaka jirani akagonga ukuta, kisha nikafika mwisho wake nikatamani nikufinye. "Chumba kipo." Hivyo ndivyo anavyosema mwizi wa kuku mahakamani.

Nitakuambia jambo. Mwaka wa sabini na tisa Bernard alipopunguzwa kazini, nilimwandikia mama nikamuuliza, je, chumba changu bado kipo? Niliuliza hivyo hivyo, kama utani, kati ya habari za hali ya hewa. Mama akajibu chumba amepewa Momi, anaweka makasia na kamba. Hakuwa na ubaya, hakuelewa tu nauliza nini. Sikuuliza tena, na ndiyo maana niko hapa hadi leo, na mvua hii.

Mwanamke wa miaka thelathini na nane haulizi habari za chumba kwa ajili ya siku tatu. Mwambie kabla hajafungasha.

Dada yako,
Ausilia


Mestre, 20 Aprili

Dada yangu Ausilia,

Salamu na amani. Hapa majira mazuri yameingia, hata huku bara ndege wanajitahidi.

Ile ya makasia sikuijua. Naapa kwa boti yangu. Ningeyaweka chini ya kitanda changu, ningelala nayo, ningeyatupa majini. Nimekaa na barua yako karibu miezi miwili, sijui nikujibu nini, na wewe unanijua, mimi nina jibu hata kwa askari wa doria.

Jumapili nilipika wali na njegere mbichi, nikajikuta nimepakua sahani mbili. Ya pili nikampelekea jirani, Shafiul, Mbengali, fundi wa kuchomelea meli. Aliponiuliza, "Mzee Momi, leo sikukuu gani?" nikamwambia sikukuu ya njegere.

Orsola bado sijamwambia. Lakini nina mpango. Atakapofika nitasema nyumba imo mikononi mwa mafundi wa rangi, vumbi tupu, hapafai kulala. Siku tatu zinapita, anafungua maonyesho yake, anarudi zake Rotterdam na moyo mweupe. Nani ameumia?

Mdogo wako,
Momi


Charleroi, 28 Aprili

Momi,

Sisalimu leo.

Mpango wako ni wa mtoto aliyevunja chungu akakaa juu yake. Mwambie. Piga simu hata kama hupendi simu, mwambie leo.

Ausilia


Mestre, 14 Mei

Dada yangu,

Hujambo? Mimi sijui.

Alikuja siku moja kabla, ili anishangaze. Treni ya asubuhi, masanduku mawili makubwa na bomba la michoro begani, moja kwa moja mpaka Castello. Akagonga. Akafungua bwana mmoja mnene aliyejifunga taulo.

Mimi nilikuwa kwa Oreste, kwenye kiti changu cha dirishani, nawasimulia watu jinsi binti yangu atakavyofika kesho na kulijaza Arsenale kwa jina la Zennaro. Mlango ukafunguka.

"Baba," akasema, "jikoni kwetu kuna mtu na taulo."

Oreste akaanza kufuta glasi iliyokwisha kufutwa.

"Huyo fundi wa rangi," nikasema.

"Fundi wa rangi aliyetoka kuoga?"

"Siku hizi mafundi wasafi."

Hakuna aliyecheka. Miaka sabini na mbili nimeishi kwa kuchekesha watu, na siku niliyohitaji kicheko kimoja tu, kile kidogo cha huruma, hakikutoka.

Basi nikamwambia. Yote. Barua yenye muhuri, Mestre, Nives, Wadenmaki, nundu, sakafu iliyoinuliwa, wewe na mkono wako bapa juu ya kofia ya baba. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya sanduku.

"Tangu lini?"

"Novemba ya mwaka juzi."

"Kwa hiyo Februari, uliponiandikia chumba kipo..."

"Kipo. Nilikiona."

"Baba, mimi niliacha kazi Machi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Aliacha kazi, akarudisha nyumba aliyokuwa amepanga, vitu akagawa. Hayo masanduku mawili ndiyo maisha yake yote. Hakuja kwa siku tatu. Alikuja kukaa. "Nilichoka kuwa mgeni," akasema. "Nilijua kuna mlango mmoja duniani wenye mtu ndani yake ananisubiri. Uliniambia mwenyewe."

Nikasema, "Mestre kuna sofa. Sofa nzuri, inafunguka."

"Ungesema sofa Februari," akasema, "ningekuja kwa sofa."

Akainua masanduku. Nilinyanyuka nimsaidie, kazi yangu hiyo, nani atanifundisha kubeba sanduku? Akasema hapana. Pale mlangoni akageuka: "Usije siku ya ufunguzi. Watu wataniuliza wewe ni nani, nami sitajua niwaambie nini."

Sikwenda. Juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nilikaa hapa dirishani, nikatazama magari.

Wewe ulisema. Sikuandikii ili unikumbushe.

Momi


Charleroi, 2 Juni

Mdogo wangu,

Sikukumbushi. Nakuuliza tu: unakula? Unalala? Na yule Mbengali bado mnasalimiana? Niandikie hata mistari miwili. Kwenye gazeti la hapa waliyataja maonyesho, ukurasa mzima, nikatafuta jina la Orsola kwa miwani na kwa kioo cha kukuzia. Hawakuandika majina ya wadogo.

Dada yako,
Ausilia


Charleroi, 1 Septemba

Momi,

Miezi mitatu. Mara ya mwisho uliponyamaza ilikuwa miaka kumi na miwili, na sina tena miaka ya namna hiyo. Kama kalamu imepotea, nimekuwekea moja ndani ya bahasha hii.

Ningekuja, lakini daktari amenikataza ngazi, na Venisi ni ngazi na madaraja. Basi nenda wewe. Nenda ukalione lile jiko kabla halijabomolewa, unisimulie. Sikuombi jambo jingine.

Dada yako,
Ausilia


Mestre, 9 Desemba

Dada yangu Ausilia,

Nakuandikia kwa kalamu yako. Inavuja kidogo, lakini ina moyo. Natumaini umeanza majira ya baridi vizuri na vidonge havijaongezeka. Mimi nilikonda, nimeanza kurudi. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kujisifia, na bila hilo mimi sijui barua inaandikwaje.

Nilikwenda. Nimechelewa kama kawaida ya ukoo, siku ya mwisho kabisa, lakini nilikwenda. Nishike mkono basi, tuingie pamoja, polepole, hakuna ngazi.

Miaka thelathini nimewapelekea makreti kwa mlango wa maji, sijawahi kuingia kwa mlango wa watu. Nikakata tiketi. Yule binti wa dirishani akauliza, "Mwanafunzi au mzee?" Nikamwambia anikisie. Ndani, dada, ni refu kama misa ya Pasaka. Matofali makubwa, nguzo nene, na kati yake kila taifa limemwaga akili zake. Hawa wamejenga nyumba ya udongo yenye harufu ya mvua. Wale wamejenga ukuta kwa uyoga, hai, unakua. Kuna chumba hakina kitu ila ukungu, na watu wamesimama ndani yake wanaandika kwenye vidaftari. Nikamuuliza mmoja, "Bwana, nyumba iko wapi?" Akasema nyumba ndiyo huo ukungu. Nikamwambia Venisi tunao huo kila Novemba na hatujawahi kukatia mtu tiketi.

Nilikuwa natania ili nisifike. Lakini nikafika.

Lipo pembeni, karibu na ukuta wa mwisho. Mbao nyeupe tupu, hazikupakwa kitu, hakuna sufuria, hakuna kiti. Nililijua kwa mgongo kabla sijalijua kwa macho. Mwili ulijua mahali pa kugeuka ili usigonge meza ambayo haipo. Dirisha linatazama uani, na uani wamefunga kamba moja, haina nguo. Pima mbili na shubiri. Dogo, Ausilia. Ni dogo mno. Tuliwezaje kuishi humo sita na baba akavuta na kiko?

Lakini hakulijenga kama nilivyompa. Zile siku chache kabla ya ufunguzi, baada ya yote niliyomwambia kwa Oreste, alilikata. Nusu ya sakafu iko chini, ya zamani, ambapo baba hupita na kofia. Nusu nyingine ameiinua, shubiri mbili, kama walivyofanya wale. Unaingia umesimama mtu mzima, unapanda kidato kimoja, na boriti inakuinamisha. Wote huinama. Nilimtazama mama mmoja wa Kijapani akipanda anacheka, akainama, akabaki ameinama pale kwa muda, na aliposhuka hakuwa anacheka tena. Hakuna aliyemweleza neno.

Mlangoni kuna kibao kidogo. Nakinukuu: "Limepimwa kwa mikono na Girolamo Zennaro, mbeba mizigo, na kwa kumbukumbu na dada yake Ausilia." Girolamo, jina langu la ubatizo, ambalo hata mama hakulitumia. Tuko duniani, dada. Majina ya wadogo yapo.

Na unajua, watu walipita pale karibu yangu, mamia, wengine wakaniuliza njia ya choo, na sikumwambia hata mmoja kwamba ni mimi. Mara ya kwanza maishani mwangu nimekaa kimya mahali penye watu. Nilikaa kwenye kile kidato mpaka mlinzi akaja: "Mzee, samahani, hairuhusiwi kukaa juu ya kazi." Nikainuka.

Jioni kabla ya kufunga akaja, na nyundo na glovu za kazi, kuja kubomoa. Amekonda naye. Siku hizi yuko Torino, ofisi ya watu, kazi ya mkataba, chumba cha kushirikiana. Alisimama upande ule wa zamani, mimi upande huu.

"Umekuja," akasema.

"Nimekata tiketi. Ya wazee."

"Umeonaje?"

Nilikuwa na hotuba, dada. Nilikuwa nimeiandaa ndani ya basi, ina farasi na malaika ndani yake. Nikasema: "Boriti umeiweka sawasawa. Niligonga kichwa kwa makusudi, nihakikishe."

Hakucheka, ila alitazama pembeni kama anayejizuia. Kisha akaniomba nimsamehe kwa siku ya ufunguzi, nami nikamwambia hakuna cha kusamehe upande wake, upande wangu ndiyo kuna lundo. Nikamwambia nilimdanganya kwa sababu niliogopa akijua sina nyumba, hatakuwa na sababu ya kuja kuniona. Hilo sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe.

Wenzake wawili wakaanza kung'oa ule ukuta wa dirisha, kamba ikaanguka.

"Unakaa wapi hasa, baba?" akauliza. "Anwani."

Nikaiandika nyuma ya tiketi. Mtaa, namba, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Herufi zilisomeka. Akaitazama kama wanavyotazama michoro yao, akaiweka ndani ya begi, kwenye mfuko wenye zipu.

"Sisemi nitakuja," akasema.

"Sijauliza."

"Labda nitaandika."

"Andika."

Nilitaka kubaki nibebe mbao, akasema wana boti ya mizigo imekwisha kukodiwa. Nikaondoka. Sikugeuka nyuma, si kwa ushujaa, ni kwa macho yaliyolowa.

Sasa habari za hapa. Siendi tena kwa Oreste kufuata barua. Sanduku langu la barua pale chini, huku Mestre, halikuwa na jina tangu nihamie. Sikutaka kuliandika, ilikuwa kama kutia sahihi. Nimeliandika wiki mbili zilizopita, kwa herufi kubwa, Shafiul akanishikia rula. Mtu wa posta hupita saa tano. Saa nne mimi nipo chini, nimeshanyoa. Siku kumi na tano sasa, na mpaka leo ni matangazo ya duka la magodoro tu. Hajanizoea. Jana alitaka kunipa barua za mtu wa ghorofa ya tano.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwa baa. Niandikie huku. Andika hata kama huna habari, andika mvua, andika matusi, unayo mengi na mengine ninayastahili. Andika kila wiki ukiweza, dada yangu, angalau mtu wa posta azoee mlango.

Mdogo wako,
Momi